Picha ya Bi Tima

Kila Jumapili alipotoka kanisani, Nyambura alibadilisha nguo, akajifunga leso, akavuka ua kwenda kukuna nazi kwa Bi Tima.

Ploti yao ya Magogoni ilikuwa na vyumba sita, ua mmoja na mfereji mmoja wa maji. Nyambura alikaa chumba cha mwisho na mumewe Elkana na binti yao mdogo, Njeri. Walitoka Murang'a miaka minne iliyopita. Elkana alifanya kazi bandarini. Nyambura alishona mashati katika kiwanda cha nguo.

Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vya Suleiman, fundi wa friji. Alikaa na mkewe Mwanasiti na mama yake mzazi, Bi Tima. Mwanasiti ndiye aliyemlea Njeri kila jioni akitoka shule, mpaka Nyambura arudi kazini.

"Shikamoo, mama," Nyambura alisema siku hiyo, akiinua pazia la mlango.

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na mikono au umekuja na mdomo tu?"

"Nimekuja na vyote viwili."

"Haya, keti kwenye mbuzi. Polepole. Ukifika kwenye kifuu, acha. Nyinyi watu wa bara mnakuna nazi kama mnalima shamba."

Mwanasiti alicheka akiwa anachambua mbaazi. Bi Tima naye akacheka utani wake mwenyewe. Alicheka mpaka leso ikamwanguka mabegani, nywele zake nyeupe zilizosukwa mistari midogo zikaonekana. Hakuhangaika kujifunika. Chumbani walikuwa wanawake peke yao, na pazia lilikuwa limeshushwa.

Nyambura alitoa simu akampiga picha.

"Wanipigia nini picha, na uzee huu?"

"Nataka kumwonyesha mama yangu kule nyumbani."

"Haya, mwonyeshe mama yako. Mwambie ana mwenzake huku Mombasa."

Ilikuwa picha nzuri. Bi Tima hakuwahi kupigwa nyingine akicheka.

*

Bi Tima alifariki Jumanne, saa mbili asubuhi. Hakuugua. Alikunywa chai, akasema amechoka, akalala, hakuamka tena.

Saa hiyo Nyambura alikuwa ameshaingia kiwandani. Pale kazini simu huachwa langoni. Alipoichukua jioni, hakukuta ujumbe wowote. Akarudi nyumbani hana habari.

Alipofika kwenye lango la ploti, aliona mikeka imetandikwa nje na wanaume wameketi, wanazungumza kwa sauti ya chini. Uani alimkuta jirani yake Selpher, mama wa Kigiriama wa chumba cha tatu, anaosha masufuria makubwa.

"Selpher, kuna nini?"

Selpher alimwangalia. "Mama Njeri, wewe hujui? Bi Tima hayuko."

"Hayuko vipi? Amelazwa wapi?"

"Amezikwa. Walimpeleka baada ya swala ya adhuhuri."

Nyambura alishika ukuta. Asubuhi alipokuwa akipita na mkoba wake, Bi Tima alimwambia kutoka dirishani, "Uende salama." Sasa alikuwa chini ya udongo. Hata jua halijatua.

"Wamemzika bila mimi? Hata simu hawakunipigia."

"Ilitangazwa msikitini. Mimi nilisikia nikaja. Nilidhani umeambiwa."

"Nani angeniambia?"

Selpher aliinama akaendelea kusugua sufuria.

Nyambura aliingia chumbani kwake. Alilia peke yake kitandani. Elkana alipokuja, alimkuta bado amevaa nguo za kazi.

"Wamemzika haraka haraka kama mtu asiye na watu," alisema. "Hakuna tangazo, hakuna kamati, hakuna hata ua moja."

"Labda watatuita kesho," Elkana alisema. "Mtu haendi kwenye kilio cha familia bila kuitwa. Tungoje."

Kwao Murang'a, mtu akifa watu hupewa habari. Huandikwa tangazo lenye picha yake. Majirani huitwa kwenye mkutano kila jioni mpaka siku ya mazishi. Ndivyo alivyozikwa baba yake Nyambura. Picha yake ilitangulia mbele ya jeneza, na kila aliyekutana nayo njiani alimtazama usoni.

Nyambura aliona ni aibu Bi Tima kuondoka hivihivi. Akasema moyoni, kama wao hawakumtendea haki, nitamtendea mimi. Alichukua ile picha ya kukuna nazi. Elkana akamsaidia kuandika chini yake: "Safari njema, mama yetu. Tutakukumbuka daima." Akaituma kwenye kundi la simu la majirani wa mtaa. Kulikuwa na watu zaidi ya mia humo.

Asubuhi alipitia dukani kwenye njia ya Mtopanga, akaichapisha kubwa, yenye rangi. Alinunua maua. Akaibandika picha kwa msumari kwenye lango la ploti, maua akayafunga chini yake. Alikwenda kazini akijisikia nafuu kidogo.

Alipotoka jioni, alikuta ujumbe wa Suleiman kwenye kundi. Mstari mmoja tu: "Tafadhali ondoeni picha ya mama."

Langoni picha haikuwapo. Palikuwa na msumari na kipande kidogo cha pembe ya karatasi. Maua yalikuwa yamewekwa chini, kando ya ukuta.

"Wameichana," Nyambura alisema.

Alijitoa kwenye kundi la majirani. Hakuvuka ua siku hiyo. Siku ya tatu wanawake wengi walifika, wakasoma khitima, wakala, wakaondoka. Mikeka ikakunjwa. Nyambura aliyaona yote kupitia dirisha lake. Hakuna aliyekuja kumwita. Naye hakwenda.

*

Wiki tano zilipita hivyo.

Wakikutana mferejini, Mwanasiti alisema, "Hujambo," na Nyambura alisema, "Sijambo," kisha kila mtu alitazama ndoo yake. Njeri hakupelekwa tena vyumba vya mbele. Alikaa kwa Selpher jioni, na kila siku aliuliza, "Mama, kwa nini siendi kwa shangazi Mwanasiti?"

Elkana aliona hali haiwezekani. Alitafuta chumba Changamwe, karibu na bandari. "Mwezi ukiisha, tunahama," alisema.

Nyambura alikubali. Lakini kila alipofunga kikapu kimoja, aliona kama anamwacha mtu nyuma.

Jumamosi moja alasiri, Selpher alibisha mlango. "Vaa viatu. Twende kwa Katana."

Katana alikuwa mwalimu wa elimu ya uraia wa mtaa wao. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu haki zao na wajibu wao. Zamani aliwasomea vijitabu, wakasinzia. Kisha alibadili njia. Sasa kila darasa alichagua mila moja ya watu wa mtaa. Siku moja ilikuwa kuzaliwa kwa mtoto. Siku nyingine ilikuwa namna ya kumpokea mgeni.

"Mimi ninahama," Nyambura alisema. "Darasa la nini?"

"Leo ni matanga," Selpher akajibu. "Na wewe una maneno. Nayasikia mpaka chumbani kwangu kila jioni."

Darasa lilikuwa katika chumba cha chekechea. Watu wazima ishirini walikalia viti vya watoto, magoti yamefika kifuani.

"Nikikaa hapa sitainuka," Selpher alisema. "Mtanizika na kiti."

Watu walicheka. Nyambura naye alitabasamu, kisha akaacha. Mwanasiti alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, amevaa buibui lake, mikono juu ya mapaja.

Katana alisimama. "Karibuni. Swali la leo ni moja. Akifiwa jirani yako, siku ya kwanza unafanya nini? Kila mtu aseme ya kwao. Sheria ni mbili. Usiseme 'kwenu mmekosea.' Na ukiuliza, uliza 'kwa nini,' kisha unyamaze usikie jibu."

Selpher alianza. "Kwetu kuna hanga. Watu huja, hukaa siku kadhaa. Tunalia, halafu tunaimba na tunacheza. Kuna nyimbo nyingine siwezi kuziimba mbele ya mwalimu."

"Kwa nini mnacheza na mtu amekufa?" mzee mmoja aliuliza.

"Mfiwa asibaki peke yake na kilio chake. Tunamchosha mpaka apate usingizi. Shemeji yangu alipofariki, jirani mmoja alipiga simu polisi. Alidhani tumefungua klabu. Askari alipofika alikuwa Mgiriama. Alivua kofia akaja kucheza."

Chumba kizima kilicheka. Katana naye alicheka, akapangusa macho. "Mama Njeri," akasema, "na kwenu?"

Nyambura hakutaka kusema. Lakini watu wote walikuwa wamemgeukia.

"Kwetu watu huitwa," alisema taratibu. "Familia hutoa habari. Asiyeitwa haendi, maana ataonekana anajipenyeza. Tunakutana kila jioni, labda wiki nzima, tunapanga safari ya kumpeleka nyumbani. Na tunaweka picha yake."

"Kwa nini picha?" Katana aliuliza.

"Ili anayekuja amjue anayemlilia. Pengine wewe ni jirani yangu na hukumjua baba yangu. Ukiiona picha unasema, kumbe ndiye huyu. Mtu asiye na picha ni kama hakuwa na uso. Kuna mtu nilimpenda. Alizikwa nikiwa kazini. Sikumwona. Nikasema angalau nimpe uso wake. Wakaichana."

Hakuna aliyecheka sasa. Katana alitazama nyuma. "Bi Mwanasiti, ukipenda. Hulazimiki."

Mwanasiti alianza kwa sauti ndogo.

"Kwetu kumharakisha maiti ni kumpa heshima yake. Hatumwachi akingoja. Tunamwosha, tunamsitiri, anapelekwa. Na watu hawaitwi. Tungemwita mmoja, yule asiyeitwa angesema tumemfukuza. Kwa hiyo mlango huachwa wazi na mkeka hutandikwa. Mkeka ndio mwaliko."

"Nami ningejuaje?" Nyambura aliuliza. Alikuwa amegeuka kwenye kile kiti kidogo. "Nilidhani mmenificha kaburi."

"Kaburini hata mimi sikufika, Nyambura. Mimi mkwewe, niliyemwogesha. Wanawake wetu hubaki nyumbani. Tulikuwa ndani tunalia. Nilikuwekea nafasi kando yangu siku tatu. Kila pazia likiinuka nilidhani ni wewe."

Nyambura aliinua mkono akaziba mdomo wake.

"Na picha?" Katana aliuliza kwa upole.

"Mama, tangu alipokuwa mwari, hakuna mwanamume wa nje aliyeziona nywele zake," Mwanasiti alisema. "Hata fundi akija kutengeneza taa alijifunika kwanza. Wewe ulimwona hivyo kwa sababu alikuhesabu mtoto wake. Siku ya pili ya kifo chake, akasimamishwa langoni kichwa wazi, kila mpita njia anamtazama. Suleiman alirudi kutoka msikitini na wanaume wenzake, ndipo akaiona."

Nyambura aliikumbuka sauti ya Bi Tima. "Mwonyeshe mama yako." Hakusema amwonyeshe mtaa.

"Sikujua," alisema. "Mwanasiti, wallahi sikujua."

Hakuwahi kuapa hivyo maisha yake yote. Mwanasiti alimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, uso wake ulilegea.

Katana akasema, "Mmoja alitaka kumpa marehemu uso. Mwingine alitaka kumsitiri. Wote wawili walikuwa wanampenda mtu yuleyule. Kilichokosekana ni swali moja tu. Mama Njeri angeuliza, 'Naweza kuweka picha?' Bi Mwanasiti angeuliza, 'Mbona huji?' Dakika mbili zingetosha."

Akafungua Katiba ndogo aliyokuwa nayo mfukoni. "Katiba yetu, kifungu cha kumi na moja, inasema utamaduni ndio msingi wa taifa. Haisemi utamaduni wa kabila moja. Kifungu cha arobaini na nne kinampa kila mtu haki ya kufuata utamaduni wake. Na kinasema pia, mtu asimlazimishe mwenzake kufuata mila au desturi yoyote. Kwa hiyo Selpher ana haki ya hanga lake, Bi Mwanasiti ana haki ya stara yake, Mama Njeri ana haki ya picha zake. Na jirani ana wajibu wa kuuliza kabla hajatenda. Huwezi kuheshimu kitu usichokijua."

*

Nyambura hakungoja kesho. Walitoka darasani wote watatu, yeye, Mwanasiti na Selpher, wakaenda moja kwa moja mpaka ploti. Suleiman alikuwa uani, amekaa mbele ya friji aliyoifungua nyuma.

"Suleiman, nimekuja kuomba radhi," Nyambura alisema akiwa amesimama. "Nilimtoa mama yako nje bila stara yake. Nilidhani namheshimu."

Suleiman aliweka bisibisi chini. Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Hata mimi nina kosa," alisema. "Nilikuwa na jirani hatua kumi kutoka mlangoni kwangu, nikamwandikia mstari mmoja kwenye simu. Mama angekuwa hai angenigombeza mpaka mtaa wa pili usikie."

"Nitaifuta picha. Na wote niliowatumia wataifuta."

"Hilo niachieni mimi," Selpher alisema.

Na kweli, jioni hiyo Selpher alipita nyumba kwa nyumba. "Hodi. Toa simu yako. Sikuombi salio, nataka uifute picha ya Bi Tima, nami nikiona." Wachache walinung'unika. Alipowaeleza kwa nini, waliifuta bila neno. Wale aliowakosa, Katana aliwaandikia kwenye kundi.

Nyambura alishika simu yake mwenyewe ili afute ya kwake. Mwanasiti akamshika mkono.

"Ngoja," alisema. "Hiyo usifute."

Aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara moja tu. Ilikuwa ile picha ya langoni. Pembe moja ilikosekana.

"Suleiman hakuichana. Ilishikwa na msumari alipokuwa akiitoa. Angechanaje uso wa mama yake? Aliiweka ndani ya sanduku la mama, kati ya leso zake. Hatuna nyingine anayocheka."

Nyambura aliipokea. Hapo ndipo alipomlilia Bi Tima, pale uani, na Mwanasiti akiwa kando yake.

"Alhamisi tunasoma khitima ya arobaini yake," Mwanasiti alisema baadaye. "Hatuiti mtu. Lakini wewe nakwambia."

"Mimi sijui kusoma dua zenu."

"Nani kakulazimisha? Wakisoma, wewe keti. Kuna nazi thelathini za kukunwa."

Alhamisi Nyambura aliomba ruhusa kazini. Alijifunika leso kichwani, akavua viatu, akainua pazia. Palikuwa na nafasi kando ya Mwanasiti. Wanawake waliposoma, aliinamisha kichwa akamwombea Bi Tima kwa maneno ya kwao, kimyakimya. Kisha alikalia mbuzi. Alikuna polepole, na kila alipofika kwenye kifuu, aliacha. Sahani ilijaa nazi nyeupe, isiyo na hata chembe nyeusi.

Kazi ilipokwisha, na wanaume wakiwa nje kwenye mikeka, Mwanasiti alifungua sanduku akaipitisha ile picha kutoka mkono hadi mkono. Kila mwanamke aliitazama akacheka, kwa sababu Bi Tima alikuwa anacheka.

Chumba cha Changamwe kilichukuliwa na mtu mwingine. Vikapu vya Nyambura vilifunguliwa. Njeri alirudi vyumba vya mbele jioni ileile. Na tangu hapo, kila mpangaji mpya akiingia ploti, Selpher humkaribisha kwa chai, kisha humuuliza, "Kwenu akifa mtu, mnafanyaje?" Wengine hushtuka. Lakini hujibu, nao huambiwa ya wenzao.

*

Mwezi wa Julai, baba yake Elkana alifariki Murang'a.

Mwanasiti alifika siku ya kwanza na sufuria ya mbaazi. Alifika siku ya pili. Siku ya tatu alikunja leso yake akadhani yamekwisha, kwa sababu kwao siku ya tatu ndiyo mwisho. Kisha akakumbuka, akamuuliza Nyambura, na Nyambura akamwambia kwamba safari ni Ijumaa. Basi akaja kila jioni mpaka Ijumaa, wakati wa mkutano. Suleiman alikuja naye, akaketi na wanaume.

Jioni ile ya kwanza, Nyambura alikuwa ameiacha picha ya mzee ndani ya kabati. Alihofia kuwaudhi. Mwanasiti aliangaza macho ukutani, mezani, kisha akamsogelea.

"Picha yake iko wapi?"

"Nimeiweka. Sikujua kama mtapenda."

"Hukuuliza," Mwanasiti alisema, akatabasamu kidogo. "Ilete, mwenzangu. Nimjue ninayemlilia."